Bahari Upande wa Kushoto

Jumamosi ya kwanza ya Agosti mwaka jana, Mtaa wa Alma ulipitiwa na usingizi. Saa kumi na moja alfajiri ilifika na kupita, wala hakuna injini iliyokohoa. Hakuna mlango uliobamizwa mara tatu kabla ya kukubali kufungwa. Hakuna sauti ya Beryl Feather ikisema, "Gordon, taratibu, watu wamelala!" kwa nguvu ya kumwamsha hata mtu wa mtaa wa pili. Bibi Pickles wa nyumba ya mkabala, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiitegemea kelele hiyo imtoe kitandani awahi treni ya kwenda kwa dada yake, alifumbua macho saa mbili na robo, jua limeshajaa chumbani. Akakaa kitandani akisikiliza. Mtaa ulikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka nje. Mbele ya namba kumi na saba, pale basi dogo la akina Feather lilipokuwa likiegeshwa, palikuwa na doa jeusi la mafuta, na paka amejilaza juu yake.

Basi hilo liliitwa Doris. Gordon Feather alilinunua kutoka kwa bendi ya matarumbeta iliyovunjika baada ya wapigaji wake kugombana, na hadi mwisho wake lilinuka dawa ya kung'arishia shaba. Kwenye dari lilikuwa na kidonda ambacho Gordon alidai kilitokana na tarumbeta kubwa kuliko zote, siku barabara ilipokuwa na shimo na mpigaji akiwa na hasira.

Gordon alizaliwa Keighley, mji wa kaskazini mwa Uingereza ulio chini ya bonde, nyumba zake za mawe zikiwa bado nyeusi kwa moshi wa viwanda vilivyokufa zamani. Baba yake alichana sufu kiwandani. Enzi hizo viwanda vyote vilifungwa wiki moja kila kiangazi, na mji mzima ulipanda treni kwenda Morecambe, hata ukifika ufukweni ukakuta umeketi karibu na jirani yuleyule uliyemwacha ukutani kwako. Gordon alipelekwa huko mara ya kwanza akiwa na miaka saba. Mvua ilinyesha wiki nzima. Bahari aliiona kupitia dirisha la nyumba ya wageni, kioo kikiwa kimefunikwa na mvuke wa chai na pumzi za watu, na kila alipokifuta kwa mkono wa sweta, mama yake alimkataza kuchafua sweta. Akarudi nyumbani akiijua bahari kama mtu unayemjua kwa sauti tu.

Baadaye akawa dereva wa basi. Kwa miaka thelathini na minane alipanda na kushuka vilima vilevile, kutoka stesheni hadi vijiji vya juu vyenye kondoo na upepo, na hakuwahi kuondoka kituoni kabla ya dakika yake. "Kuchelewa ni bahati mbaya," aliwaambia madereva wapya, "lakini kuwahi ni wizi. Umemwibia mtu basi lake." Ratiba aliiheshimu kuliko kasisi anavyoheshimu misa. Ilikuwa karatasi, na karatasi haikuwahi kumwongopea.

Kila Agosti aliipakia familia ndani ya Doris, na safari yao ilikuwa na sheria moja: bahari ikae upande wa kushoto. Nchi hii ni kisiwa, na kwetu magari hupita kushoto. Ukianza pwani ya mashariki ukaelekea kusini, ukazunguka pembe zote, ukapanda magharibi hadi juu kabisa na kushuka tena, bahari itakuwa kushoto kwako safari nzima, na kila penye kijinafasi kando ya barabara utaegesha bila kuwakatisha njia wenzako. Miaka mingine walizunguka kipande tu, miaka mingine nusu. Lakini hawakuwahi, hata siku moja, kuiweka bahari kulia.

Kwa sheria hiyo Beryl, aliyeketi kushoto mbele, aliipata bahari yote. Gordon, nyuma ya usukani upande wa kulia, aliipata barabara.

"Leo ikoje?" angeuliza bila kugeuza shingo.

"Kama maji yaliyooshewa vyombo," angejibu Beryl. Au, "Leo ina rangi ya lile gauni la harusi la dada yangu Enid." Au, mara chache, "Ee, Gordon. Ungeiona."

"Nina kona hapa," angesema Gordon.

*

Mambo yalianza kubadilika Jumapili moja ya Machi, mwaka juzi, mezani. Nyama ilikuwa imetoka kwenye oveni, mchuzi unazunguka. Walikuwa watano: Gordon na Beryl, binti yao Lorraine, muuguzi wa wodi ya majeruhi, mume wake Nigel, muuza mazulia, na Enid, dada yake Beryl, mjane wa miaka sabini na minane ambaye hajawahi kula chakula bila kukitolea hukumu.

"Baba," Lorraine alisema, "juzi umegonga ukuta wa Bibi Pickles."

"Nimeugusa."

"Jiwe limeanguka."

"Lilikuwa linataka kuanguka tangu vita."

"Cheka tu. Una miaka sabini na mitatu. Mimi kila wiki nawapokea wazee wa umri wako wakiletwa kwa machela, na kila mmoja alikuwa na uhakika kama wewe."

Gordon aliweka uma chini. Hakuwa mtu wa kugombana, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni, zilipokuwa funguo za Doris.

"Tufanye hivi," alisema Lorraine, na sauti yake ililegea kidogo, maana alikuwa ameuona ule mkono. "Agosti hii tunazunguka nchi nzima. Siku kumi na nne. Ukikosea jambo moja, moja tu, la kuhatarisha watu, funguo unanipa mimi. Hakuna kubishana."

"Na nisipokosea?"

"Nitanyamaza mpaka ufike themanini."

"Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aendeshe vizuri," alisema Nigel, akapigwa teke chini ya meza.

Gordon na Lorraine wakashikana mikono juu ya bakuli la mchuzi. "Mimi shahidi," alisema Enid. "Nipitishieni viazi. Vile vilivyoungua kidogo, siyo hivi vya wagonjwa."

*

Hata wao wenyewe waliona kuwa hapajawahi kuwa na safari nzuri kama ile.

Walianzia Whitby asubuhi ya ukungu, wakashuka kuelekea kusini. Huko Skegness upepo ulikuwa mkali hata sandwichi ya Nigel ikaruka kutoka mkononi na kuangukia mapajani mwa mtu asiyemjua, na yule mtu, baada ya kuitazama, akauliza kama kuna nyingine yenye haradali. Kusini waliegesha juu ya majabali meupe, mvua ikipiga, wakala samaki na chipsi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, vioo vyote vimejaa mvuke, wote watano wakitazama mbele kana kwamba wanaona kitu. Hakuna aliyependekeza kwenda kula kwenye mgahawa.

Enid aliandika kitabu chake. Kila choo cha umma alichokitumia alikipa alama kati ya kumi. "Mbili," angesema akipanda garini huku akipangusa mikono kwa leso. "Sabuni hakuna, na mlango una maandishi ambayo sikuyaelewa yote." Choo kimoja cha Devon kilipata tisa, kwa sababu ya maua.

Nigel alikuwa na simu yenye sauti ya mwanamke anayeelekeza njia. Gordon aliivumilia.

"Anasema kata kulia," Nigel alitangaza, wakiwa Cornwall.

"Kulia kuna shamba."

"Ndiyo, lakini anasema—"

"Mwambie akashike jembe."

Kwenye vichochoro vya Cornwall, ambako kuta za majani hukwangua vioo vya pande zote mbili, walikutana na trekta lililokuwa likivuta tela la majani makavu. Mwenye trekta alizima injini na kukunja mikono. Gordon alipiga rivasi karibu nusu maili, kona tatu, kilima kimoja na daraja, kwa mkono mmoja, polepole, kama mtu anayerudisha uzi kwenye tundu la sindano. Mwenye trekta alipopita alivua kofia. Lorraine alikuwa nyuma, amekaza macho, akitafuta kosa. Hakuliona. Akajikuta, bila kutaka, anamwonea baba yake fahari.

Wales waliimba. Uskoti waliliwa na visubi, hata Nigel akawa anatembea na chandarua kichwani hata akienda kununua maziwa, na muuza duka hakushangaa. "Leo ikoje?" Gordon aliuliza siku ile walipofika juu kabisa, ambako barabara inaishia na huna budi kugeuka. Beryl alisogea karibu na kioo.

"Inatisha," alisema. "Kwa uzuri."

Siku kumi na tatu zikapita hivyo. Hakuna ukuta ulioguswa. Gordon alianza kupiga mluzi asubuhi wakati wa kunyoa ndevu, na Beryl alijua maana yake: mume wake alikuwa anahesabu miaka saba, mpaka themanini.

*

Siku ya kumi na nne ilikuwa ya Kisiwa Kitakatifu. Kiko pwani ya kaskazini mashariki, na barabara ya kwenda huko hupita juu ya matope na mchanga. Maji yakipwa unavuka kwa gari, maji yakijaa barabara inakuwa bahari, mara mbili kila siku. Gordon alikuwa amenunua kijitabu cha saa za kuvuka kwenye duka la ndoana na chambo. Kijitabu hicho kilikuwa cha kizamani: saa zake zote zilikuwa za majira ya baridi, na chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, kilisema kwamba wakati wa kiangazi, ambapo saa zetu husogezwa mbele, msomaji aongeze saa moja.

Asubuhi, kwenye nyumba ya wageni walikolala, mbele ya yai na nyama ya nguruwe, Gordon aliongeza hiyo saa moja. Hakuhitaji hata kufikiri. Akaandika kwa penseli kwenye daftari la safari, kwa namba zake kubwa za dereva: mwisho wa kutoka kisiwani, saa nane na dakika arobaini. Akaliacha daftari mezani, akatia kijitabu mfukoni, akaenda kumkagua Doris mafuta na maji.

Walikaa kisiwani kwa raha. Walitembea kwenye magofu ya watawa, kuta nyekundu zimeliwa na upepo hadi zikawa kama mkate uliong'atwa. Walikula sandwichi za nyama ya kaa. Enid alitoa alama sita. Kisha wakaketi kwenye bustani ya duka la chai, na jua, ambalo nchi hii hulitoa kama mtu anayetoa siri, likatoka.

Gordon alitazama saa yake. Saa nane na dakika tano. Kichwani mwake palikuwa na namba iliyokaa pale tangu asubuhi: nane na arobaini. Akainuka ili awaambie wakusanye vitu. Halafu, kwa mazoea ya miaka thelathini na minane, akafungua daftari kuhakikisha.

Daftari lilisema saa tisa na dakika arobaini.

Alisimama na daftari mkononi. Namba ya saa ilikuwa na kivuli chini yake, kama imefutwa na kuandikwa upya. Hakukumbuka kufuta. Alikumbuka nane, alikuwa na uhakika wa nane. Lakini wale wazee wa Lorraine, wa kwenye machela, si nao walikuwa na uhakika?

Angeweza kuuliza. Lorraine alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, anapaka jemu kwenye keki. Ingetosha kusema, "Hivi asubuhi niliandika saa ngapi?" Lakini swali hilo lingekuwa na masikio na miguu. Lingekimbia moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa funguo, na kukitoa kijitabu mbele yao kungekuwa ni kuuliza vilevile. Siku ya kumi na nne, saa chache kabla ya kumaliza, baba hakumbuki alichoandika asubuhi.

"Umesimama nini?" aliuliza Beryl. "Tuondoke?"

"Hapana," alisema Gordon. "Muda upo." Akaketi, akala keki ya pili ambayo hakuisikia ladha.

Waliondoka saa tisa na dakika tano. Bango kubwa la saa za kuvuka lilikuwepo kijijini, lakini mtu mwenye daftari lake hasomi mabango. Jambo la kwanza lililomgusa Gordon lilikuwa kimya cha barabara. Hakuna gari lililokuwa likija, na nyuma yao hakuna lililofuata. Kando ya lami ndege waliokuwa wakitembea kwenye matope asubuhi walikuwa sasa wanaelea.

"Leo ikoje?" aliuliza.

"Iko karibu," alisema Beryl.

Kisha wakaiona. Mbele, karibu na daraja dogo, barabara ilishuka kidogo na haikuonekana tena ikipanda. Maji yalikuwa yakipita juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka, kama mtu anayekatiza ukumbi wa nyumba yake. Gordon alisimamisha gari. Akatazama kioo cha nyuma. Nyuma nako lami ilikuwa imeanza kumeta. Palipobaki pakavu palikuwa na Doris, na hatua thelathini mbele, kando ya daraja, kibanda cheupe cha mbao juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi, kilichojengwa kwa ajili ya wajinga.

"Wote chini," alisema Gordon, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani basi likiharibika kilimani. "Hapana haraka, hapana kukimbia. Lorraine, mshike Enid. Nigel, chupa ya chai."

"Chai?"

"Chai, Nigel."

Maji yaliwafika magotini walipoanza kupanda. Yalikuwa baridi hata Enid akasema neno ambalo Beryl hakujua kama dada yake analijua.

*

Ndani ya kibanda mlikuwa na benchi na dirisha. Lorraine aliwapigia simu waokoaji, akaambiwa wakae hapohapo, mashua inakuja, na je, kuna aliyeumia? Hakuna. Nigel akamimina chai kwenye kifuniko, wakawa wanapokezana. Chini, Doris alikuwa ameingiwa na maji hadi kwenye taa. Waipa zikaanza kucheza zenyewe, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayeaga, kisha zikasimama.

Gordon alitia mkono mfukoni, akatoa funguo, akamnyooshea binti yake.

"Tulikubaliana," alisema.

Lorraine hakuzipokea. Uso wake ulikuwa umepauka, wala si kwa baridi.

"Baba. Asubuhi, yule mama mwenye nyumba ya wageni alisema vile vijitabu ni vya saa za baridi. Akasema kila mtu husahau kuongeza saa. Wewe ulikuwa nje. Daftari lilikuwa mezani." Akazitazama funguo. "Nikajua tu umesahau. Nikafuta, nikaongeza."

Maji yalisikika chini ya mbao.

"Ulifuta nane," alisema Gordon polepole.

"Ndiyo."

"Ukaandika tisa."

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Ilikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi na mimi—"

"Nane na arobaini!" Gordon alipiga goti lake kwa kiganja. "Beryl! Nane na arobaini! Nilikuwa nayo kichwani! Ilikuwepo muda wote!" Na akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichotikisa nguzo, machozi yakimtoka.

"Gari linazama na huyu anacheka," alisema Enid.

"Acha lizame! Kichwa hakijazama!"

Lorraine naye akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Basi funguo ni zako. Nimeshindwa mimi. Endesha mpaka themanini, endesha mpaka mia."

"Aendeshe nini?" aliuliza Nigel.

Wote wakageuka dirishani. Doris alikuwa amebakiza juu ya maji paa na nusu ya madirisha tu. Wakacheka hadi Beryl akalazimika kushikilia benchi.

Kicheko kilipoisha, Gordon alikuwa bado amenyoosha mkono wenye funguo.

"Chukua," alisema, safari hii taratibu. "Siyo kwa ajili ya kosa lako. Niliona pamefutwa, Lorraine. Nilisimama palepale na daftari, nikaona, na nikaogopa kukuuliza. Niliwapakia watu wanne nikawaingiza kwenye maji kwa sababu niliona haya kuuliza swali. Mwenzangu wa kazini angefanya hivyo, ningemwambia avue sare."

Lorraine alizipokea. Alizifunga ndani ya kiganja kama zina joto.

Gordon akasogea kwenye kona ya benchi, karibu na dirisha. Hakukuwa na kona ya kukata. Hakukuwa na gia, kioo cha nyuma, wala baiskeli iliyoyumba mbele. Bahari ilikuwa imefunika kila kitu hadi nchi kavu, na jua la alasiri lilikuwa limelala juu yake kwa vipande, kijani hapa, shaba kule, na katikati rangi ambayo hakuwa na jina lake. Alitazama robo saa nzima. Beryl alimwangalia akitazama.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Gordon hatimaye.

"Nimekuambia miaka ishirini na miwili, Gordon."

"Uliniambia ina rangi ya maji ya vyombo."

"Siku nyingine inayo."

Mashua ilifika, na msichana mwenye koti la manjano akapanda ngazi, akachungulia mlangoni. "Haya, wapenzi wangu, mko wangapi humu?"

"Watano na chupa ya chai," alisema Enid. "Na hiki kibanda hakina choo. Nimekipa sifuri. Lakini kwa mandhari, tisa."

*

Chumvi ilimmaliza Doris. Walimvuta siku ya pili, akitoa maji kila mlango, na fundi wa karibu akamtazama kwa heshima na kutikisa kichwa. Lorraine alizitundika funguo jikoni kwake, kwenye msumari ulio juu ya birika. Majira ya baridi yote alimtafutia baba yake gari dogo la mkono wa pili, tena akasema angeendesha yeye. Gordon alimshukuru na kukataa.

Kwenye droo ya chumbani alikuwa na kadi ambayo kila mzee wa Uingereza hupewa, ya kupanda mabasi ya nchi nzima bure. Alikuwa nayo miaka mingi bila kuitumia. Aliona haya, dereva mzima, kupanda bure basi la mwenzake. Mwezi wa Mei aliitoa, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Kadi hiyo haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, na ndiyo sababu Mtaa wa Alma siku hizi unalala. Bibi Pickles amenunua saa ya kengele, na anasema haina utu.

Siku ya kwanza, Whitby, walipanda hadi ghorofa ya juu wakakamata kiti cha mbele kabisa, upande wa kushoto, Gordon dirishani. Basi liliondoka dakika moja kabla ya wakati. Gordon alitazama saa yake, akafungua kinywa.

"Nyamaza," alisema Beryl.

Akanyamaza. Basi likapanda kilima, na bahari yote ikafunguka.

"Leo ikoje?" Beryl aliuliza, kwa sababu kutoka alipoketi bega la mume wake lilikuwa limemziba.

Gordon alifikiri kwa muda mrefu. "Ngoja kwanza," alisema.

Wanakwenda kipande kwa kipande, wiki moja moja, wakirudi nyumbani kufua nguo na kula kwa Lorraine Jumapili. Wiki hii wapo Cromer, chumba cha juu ya duka la viatu. Basi lao linalofuata linaondoka kesho, saa tatu na dakika arobaini.